Okoth, au Herufi Moja na Nukta

Katika Dhopadhola, lugha ya Wapadhola, mvua ni koth. Tanguliza O, umepata Okoth, mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha. Tanguliza A, umepata Akoth, mtoto wa kike wa mvua hiyo hiyo. Kanuni hii ndiyo iliyounda majina mengi ya Paya, gombolola ya wilaya ya Tororo iliyo karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Ochieng na Achieng ni watoto wa jua, Owor na Awor ni watoto wa usiku, Opio na Odongo ni pacha, aliyetangulia na aliyefuata, na Okello ndiye anayezaliwa baada ya pacha. Mgeni akielezwa haya hufurahi, huandika maana kando ya jina, akaamini kwamba ameshalielewa. Nadhani hapo bado hajaanza. Maana ya neno koth anayo kila msemaji wa lugha, lakini maana ya jina Okoth haimo ndani ya neno. Imo kinywani mwa mtu aliyekuwapo siku mtoto alipozaliwa, na hudumu maadamu mtu huyo, au aliyesimuliwa naye, bado anaisema. Okoth lenyewe si jina adimu hata kidogo. Wamejaa Tororo, wamejaa Kisumu, na Waacholi wa kaskazini wanao akina Okot wao. Kinachoelekea kuadimika ni kitendo cha kumwita mtoto Okoth kwa sababu mvua ilinyesha, kisha kumwambia mwenyewe, akishapata akili, kwamba ilinyesha. Jina linaongezeka, ushahidi wake unapungua, na hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyokubali.

Pingamizi la kwanza linatoka mawinguni. Katika miaka 10, kuanzia 1967 hadi 1976, Tororo ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu iliyoingia katika vitabu vya rekodi za dunia. Mahali ambapo radi hupiga siku 2 katika kila 3, atasema mtu, kumwita mtoto Okoth ni kama kutomwita kitu. Mvua ya huko ni jambo la kila juma; jina linalotokana nayo haliwezi kumtambulisha mtu, wala kutaja mwaka, wala msimu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama jina lingekuwa tarehe. Okoth hasemi kwamba Tororo ilipata mvua. Anasema kwamba saa ile, juu ya paa lile, maji yalikuwa yakishuka mama yake alipokuwa katika uchungu. Fikiria maana yake katika nyumba ya nyasi iliyo mbali na barabara. Njia inateleza. Kijito kilichovukwa mchana kwa kukunja suruali sasa kimejaa. Mkunga wa kijiji cha pili, aliyetumiwa mtu, hajafika na huenda asifike, na kelele ya mvua imefunika sauti ya mwanamke hata jirani hasikii. Waliojua kwamba mtoto alitoka mvua ikinyesha, wala si kabla wala si baada, ni watu wawili au watatu waliokuwa ndani, na wote walikuwa wanawake. Baba alikuwa nje, au kwa ndugu yake, au alikuwa amelala. Jina la Okoth analolibeba mwanamume maisha yake yote, akaliapia mahakamani na kuandikwa juu ya kaburi lake, lilianza kama ushahidi wa wanawake. Sijui jambo jingine katika urithi wa majina yetu linalostahili kutajwa kabla ya hilo, na ni nadra kulisikia likitajwa.

Wapadhola hawakuwa peke yao katika desturi hii. Sokoni Tororo wangeweza kukutana wanaume watatu waliozaliwa usiku mmoja wa mvua: Mpadhola akaitwa Okoth, Mteso akaitwa Okiru, kwa kuwa katika Ateso mvua ni akiru, Msamia au Mbukusu akaitwa Wafula, kutokana na efula. Dada zao wangekuwa Akoth, Akiru na Nafula. Dhopadhola na Ateso ni matawi ya Kiniloti yaliyoachana zamani sana, kiasi kwamba msemaji wa moja hamwelewi wa nyingine, na bado yote mawili hutanguliza O kwa mwanamume na A kwa mwanamke, hata mtu asiyejua lugha akadhani Okoth na Okiru ni watoto wa baba mmoja. Lusamia na Lubukusu ni Kibantu, lakini Wasamia wa Busia wana akina Ojiambo, ambaye ni Odhiambo wa Wajaluo, mtoto wa jioni, aliyebadilishiwa sauti moja tu alipovuka. Hata jina la Mungu limevuka: Wapadhola humwita Were, na jirani zao wengi wa Kiluhya humwita vivyo hivyo. Ninayataja haya kwa sababu siku hizi majina ya Tororo hutumiwa kuhesabiana nani ni wa kabila gani na nani ana haki ya mji. Majina yenyewe yanashuhudia kinyume. Yanaonyesha watu waliosikiliza mvua ile ile, wakaona inafaa kuingia katika jina la mtoto, na kila mmoja akaisema kwa lugha yake.

Hapa nitoke Tororo kidogo niende Japani, kwa kuwa huko jina la mwanamume limehifadhiwa kwa njia nyingine kabisa, na tofauti hiyo inatusaidia kuona vizuri jambo letu. Mwandishi Akutagawa Ryunosuke alizaliwa Tokyo tarehe 1 Machi 1892. Katika kalenda ya zamani ya Asia Mashariki, yenye wanyama 12 wanaopokezana, mwaka huo ulikuwa wa joka, na inaelezwa kwamba mwezi, siku na saa ya kuzaliwa kwake navyo vilikuwa vya joka. Ndipo akaitwa Ryunosuke, jina linaloandikwa kwa herufi tatu za Kijapani: ya kwanza ni joka lenyewe, ya pili ni kiungo, na ya tatu ni ile iliyokuwa cheo cha msaidizi wa mtawala wa jimbo katika dola ya kale, ikaja kuwa tamati ya majina mengi ya kiume. Joka la Asia Mashariki ni bwana wa maji na mawingu, anayeombwa mvua. Kwa hiyo Ryunosuke ni ndugu wa mbali wa Okoth: mtoto aliyeitwa kwa saa yake, na saa yenyewe ni ya mwenye mvua. (Hadithi iliyomtangaza, Rashomon, ya 1915, inaanza na mtumishi aliyekaa chini ya lango akingoja mvua ipite.) Tofauti ni kwamba Mjapani anayeliona jina hilo limeandikwa haitaji kusimuliwa na mtu. Joka limo kwenye karatasi, linaonekana.

Mfano wa pili unalionyesha hilo vizuri zaidi. Ichiro ni jina la kale la kiume, na kwa maandishi yake ya kawaida maana yake ni mwana wa kwanza, kama vile Jiro alivyo wa pili na Saburo wa tatu; ni mpango ambao mzazi wa akina Opio na Odongo angeuelewa mara moja. Lakini Suzuki Ichiro, mchezaji wa besiboli aliyezaliwa 1973 na kujipatia sifa kubwa Marekani, ana kaka. Ni mwana wa pili. Je, jina lake linadanganya? Halidanganyi, kwa sababu herufi yake ya mwisho si ile yenye maana ya mwana. Ni nyingine inayosomeka sawasawa na hiyo, nayo maana yake ni uchangamfu na uangavu. Sikio linasikia mzaliwa wa kwanza, jicho linasoma kitu kingine. Wajapani wana nafasi ya kufanya jina la kawaida liwe adimu bila kubadili sauti yake, na serikali yao inalijua hilo kiasi cha kuliwekea mipaka: tangu 1948 mzazi hawezi kumwandikisha mtoto kwa herufi yoyote aitakayo, na 1951 ilitolewa orodha ya herufi 92 zilizoongezwa kwa ajili ya majina ya watu. Mei 2025 ilianza kutumika sheria inayotaka usomaji wa jina, yaani sauti yake, uandikishwe pia katika daftari la familia. Kwao maandishi yalikuwa yanajulikana na sauti ndiyo iliyokuwa ikielea.

Kwetu ni kinyume chake. Alfabeti tuliyoletewa na wamisionari inaandika sauti, na kazi hiyo inaifanya vizuri, ila haina pa kuweka sababu. O, k, o, t, h: herufi hizi tano ni zile zile kwa mtoto aliyezaliwa mvua ikipiga paa, kwa aliyepewa jina la babu, na kwa yule ambaye karani alimwandika hivyo kwa sababu baba yake aliandikwa hivyo. Tena sauti peke yake inaweza kupotosha. Masika, kwa mtu wa pwani, ni msimu wa mvua kubwa, na mtoto wa msimu huo anaweza kuitwa hivyo. Kwa Wanande wa Kivu Kaskazini, Masika ni jina la binti linalotokana na nafasi yake ya kuzaliwa kati ya dada zake, wala halina habari na mvua. Mswahili akikutana na Masika wa Kivu na kumpa pole kwa kuzaliwa na mvua, atakuwa amesikia neno na kulikosa jina. Mjapani huepuka kosa la namna hiyo kwa kutazama karatasi. Sisi hatuna budi kuuliza, na lazima awepo wa kujibu.

Sasa pingamizi lililo zito zaidi, maana linatoka ndani ya desturi yenyewe. Mjuzi wa mila atasema kwamba hata zamani si kila Okoth aliyezaliwa na mvua. Wajaluo na jamaa zao, Wapadhola wakiwamo, huwaita watoto kwa majina ya waliokufa. Marehemu humjia mtu ndotoni akitaka jina lake lirudi nyumbani, au mtoto hulia bila kunyamaza mpaka aitwe kwa jina la mzee fulani ndipo atulie. Okoth wa Januari, aliyezaliwa ardhi ikiwa imepasuka kwa kiangazi, ni mtu wa halali kabisa katika mila. Kwa nini basi nilalamike kwamba leo jina linarithiwa bila mvua, ilhali lilirithiwa hivyo tangu zamani? Nakubali ukweli wa hoja hii, na kwa kweli ndiyo inayonisaidia. Okoth wa Januari aliitwa hivyo kwa sababu iliyosemwa. Kulikuwa na ndoto, na mwotaji alikuwa na jina. Kulikuwa na kilio, na bibi aliyetaja majina ya wafu moja moja mpaka kilio kikakoma. Mtoto alipokua aliambiwa kwamba mvua haikuwa yake, ilikuwa ya babu yake, na pengine aliambiwa babu huyo alizaliwa katika mvua gani. Ushahidi ulikuwa umesogea kizazi kimoja nyuma bila kukatika. Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini, aliweza kuifuata safari ya Wapadhola kwa karne kadhaa kwa sababu wazee waliomsimulia nasaba walikuwa na zaidi ya orodha ya majina. Walijua nani alikuwa nani, aliitwaje, na kwa nini. Orodha tupu isingemfikisha mbali.

Uzi ulianza kukatika pale majina yalipoingia katika madaftari yasiyouliza sababu. Mpaka 1902 Mpadhola wa Paya na Mjaluo wa Gem, ng'ambo ya mpaka wa leo, walikuwa katika himaya moja ya Uganda. Mwaka huo Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, na akina Okoth wakawa na serikali mbili. Upande wa Kenya kilikuja kipande, kwa sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kukibeba, na jina lake ndani yake. Pande zote mbili zilipata kanisa na jina la ubatizo, shule na daftari la mahudhurio, kodi na orodha ya walipaji. Kila daftari lilitaka majina mawili, na kwa Wazungu waliolibuni jina la pili lilikuwa la ukoo. Watu wetu walijibu walivyoelewa. Wengine waliweka la ubatizo mbele na lao wenyewe nyuma. Ndivyo tulivyompata Yona Okoth, mtoto wa Budama, nchi ya Wapadhola, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda kuanzia 1984 hadi 1995: Yona alipewa na kanisa, Okoth akapewa na nyumbani. Na yuko mmoja aliyekataa kupangwa hivyo. Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, alizaliwa Juni 1931, mwezi ambao Acholi iko katikati ya mvua zake. Ile p' katikati ni pa, neno la Kiacholi lenye maana ya "wa", lile lile lililomo katika jina la utenzi wake, Wer pa Lawino. Okot wa Bitek. Jina lake la mvua likatangulia, la baba likafuata, na katikati kikawekwa kiungo cha kueleza uhusiano wao. Kwenye majalada ya vitabu kote duniani imebaki hivyo mpaka leo, na sijaona njia bora zaidi ya kumwandika mtu wetu.

Ila wengi hawakupata njia hiyo. Tazama kinachotokea katika cheti cha shule. Mtoto ana jina la ubatizo, jina lake la kuzaliwa, na jina la baba. Nafasi ni fupi. Jina la ubatizo linaandikwa lote, kwa kuwa ndilo la kwanza. La baba linaandikwa lote, kwa kuwa ndilo linaloonekana kuwa la ukoo. La katikati linafupishwa. Okoth anakuwa O na nukta. Ingekuwa lugha nyingine, herufi ya kwanza ingeacha walau fununu ya jina lililofichwa nyuma yake. Katika Dhopadhola haiachi chochote. Ile O ni kiambishi cha jinsia tu. Okoth ni O, Ochieng ni O, Owor ni O, Opio ni O, na mtoto wa mvua, wa jua, wa usiku na wa upacha wote wanageuka kuwa kitu kimoja. Kilichobaki kwenye cheti kinasema kwamba mwenye cheti ni mwanamume, jambo ambalo cheti kimeshalisema mahali pengine. Dada zake nao wamekuwa A na nukta. Shina la jina, yaani koth, chieng, wor, ndilo lililokatwa, na lilikatwa na karani asiye na nia mbaya, aliyekuwa akihifadhi nafasi. Sidhani kuna lugha nyingine katika ujirani ule iliyoumizwa na nukta kuliko Dhopadhola na dada zake.

Watetezi wa jina la ukoo wana ushahidi wao, na ni haki kuuweka mezani. Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na akawa waziri huko kuanzia 2009 hadi 2011. Ni ndugu, watoto wa Kasisi Jeremiah Awori wa Busia, na kila aliyesikia jina alijua bila kuelezwa. Mpaka uliwagawa Wasamia sehemu mbili, lakini jina moja likashika pande zote. Jirani zao, ambao kwao ndugu huitwa mmoja Okoth, mwingine Owor, mwingine Ochieng, wangelazimika kueleza undugu wao kwa kila ofisa wa uhamiaji. Mama anayesafiri na mtoto asiyeshiriki naye jina husumbuliwa. Mrithi wa shamba ambaye jina lake halifanani na la marehemu huitwa mwongo mbele ya baraza. Haya ni mambo ya kweli, yanaumiza, na mtu hatakiwi kuyapuuza kwa sababu ya mapenzi yake ya mvua. Hata hivyo mfano huo huo una upande wa pili. Aggrey aliitwa Aggrey Siryoyi Awori. Siryoyi hilo la katikati umma ulilitamka kwa nadra. Huenda wengi waliompigia kura hawakujua hata kama lipo. Jina la ukoo lilifanya kazi yake ya kuunganisha, ila kuunganisha ndugu hakukuhitaji kulizika jina la mmoja wao. Kibra, Nairobi, inatupa mfano mwingine. Mbunge wake, Ken Okoth, alifariki Julai 2019, na katika uchaguzi mdogo wa Novemba mwaka huo kiti kikachukuliwa na ndugu yake, Bernard Otieno Okoth, maarufu kama Imran. Okoth ilikuwa bendera ya familia kwenye mabango, na ilisaidia. Lakini lililo la Bernard mwenyewe ni Otieno, la usiku, na mwandishi wa habari mwenye haraka aliliacha.

Hapo ndipo ninaporudi kwa wale wanawake wa nyumba ya nyasi. Jina la ukoo hufuata wanaume: la baba, la babu, la baba wa babu. Okoth akishakuwa jina la ukoo, mvua inayokumbukwa, kama inakumbukwa, ni ile iliyomnyeshea mama mmoja zamani, na akina mama wote waliofuata, kila mmoja na usiku wake, hawana ushahidi wao katika majina ya watoto wao. Wamezaa watoto wa jua na wa alfajiri na wa mavuno, na wote wameandikwa Okoth. Ninaona ajabu kwamba badiliko hili husifiwa kuwa ni la kisasa. Desturi ambayo kila mama huingiza saa yake katika jina la mtoto ilikuwa inampa nafasi ambayo fomu inamnyang'anya.

Kuna watakaojibu kwamba leo saa hiyo inahifadhiwa mahali bora zaidi. Mwanamke wa Paya anajifungulia kituo cha afya, muuguzi anaangalia saa ya ukutani, anaandika tarehe, saa, dakika na uzito, na cheti cha kuzaliwa kinatolewa. Hakuna haja ya mvua. Ninafurahi kwa kila mama anayejifungua mahali penye taa na dawa, na sitaki mtu yeyote arudi kwenye njia inayoteleza ili jina lipendeze. Ila tusichanganye mambo mawili. Cheti ni cha serikali, hukaa kwenye sanduku la bati au ndani ya mfuko wa nailoni, na hutolewa kikitakiwa. Jina huitwa mara ishirini kwa siku, na kila linapoitwa mtoto anaweza kuuliza. Cheti kina nafasi ya wilaya, ya gombolola, ya jina la baba na la mama. Hakina nafasi ya hali ya hewa. Mvua ilinyesha au haikunyesha, hilo halimhusu mwandikishaji, wala halipaswi kumhusu. Linamhusu mtoto, na njia pekee iliyowahi kubuniwa ya kumfikishia ni jina lake.

Mtu mwingine atakumbusha kwamba si kila tukio linafaa kubebwa maisha yote. Ni kweli. Oketch wa Wajaluo ni mtoto wa njaa, na mzazi wa leo ana haki ya kutotaka kumtwika mwanawe njaa ya mwaka fulani. Simlazimishi. Ninachosema ni kwamba mzazi anayekataa jina baada ya kulifikiria bado yumo ndani ya desturi. Anayelikosa kwa sababu fomu haikumuuliza ametolewa nje bila kujua.

Uganda ilianza kuwaandikisha watu kwa wingi kwa ajili ya kitambulisho cha taifa mwaka 2014, ikapitisha Sheria ya Uandikishaji wa Watu mwaka 2015, na Mei 2025, mwezi ule ule Japani ilipoanza kuandika sauti za majina yake, ikaanza zoezi la kuvihuisha vitambulisho hivyo. Fomu za Uganda hazimtaki mtu awe na jina la baba yake kisheria, na ndiyo maana mpaka sasa ndugu wa nyumba moja Tororo wanaweza kuwa na majina matatu tofauti bila kuvunja sheria yoyote. Uhuru huo bado upo. Pale unapopotea, unapotea kwa hiari, kwa ushauri wa mwalimu mkuu, kwa hofu ya ubalozi, kwa kutaka kufanana. Kwa hiyo neno langu ni kwa mzazi anayesubiri mtoto katika Paya, au Mulanda, au Nagongera, au upande wa pili wa Busia. Mpe mtoto jina la baba kama unaona litamsaidia barabarani, liweke mwisho. Lake mwenyewe liandike lote, herufi kwa herufi, na karani akitaka kuweka nukta, mkatalie. Kama ni Okoth kwa sababu ya babu, mwambie ni babu yupi. Na kama mvua ilinyesha, mwambie ilianza saa ngapi, na nani alikuwa ndani.